Kapaya wa Kila Nyumba

Siku Kapaya alipokufa, Mwantumu alikatazwa kulia. Akakatazwa kesho yake na keshokutwa yake, na sasa wiki ya pili ilikuwa inaisha. Alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani kwa mama wa marehemu, akimchambulia mchicha, macho makavu, huku marehemu mwenyewe akipiga soga kutoka ukutani.

"Mama, umekula?" sauti iliuliza.

"Nimekula, baba."

"Umekula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda wako hauna mfano, mama. Hakuna mlenda kama huo Kwemkole nzima."

Bi Kalunde aligeuza uso ukutani. Alikuwa haoni, lakini alijua sauti inakotoka: juu ya mtungi wa maji, kwenye kidude cha rangi ya udongo kilicholingana na kifuu cha nazi. Watu wa kambi walikiita mwangwi. Kila nyumba ya wakata mkonge ilikuwa na mwangwi wake, na katika kila mwangwi alikaa Kapaya, mgombea wao wa ubunge, akijua mtoto yupi anaharisha na paa lipi linavuja.

"Na huyo Mwantumu yupo?" sauti ilisema. "Mama, Mzigua huyo akiondoka hesabu kuku."

Mwantumu alitaka kuinuka aondoke. Lakini mtani akichokozwa asipojibu, watu huuliza ana nini.

"Kuku wa Mnyamwezi wanakufa wenyewe kwa njaa," alisema. "Nani ahangaike kuwaiba?"

Ukuta ukacheka. Ulicheka vilevile, kwa kukohoa kidogo mwishoni, maana kikohozi kile Mwantumu ndiye aliyekifundisha.

Bi Kalunde hakucheka. Alingoja mpaka mwangwi unyamaze, kisha akainama na kunong'ona, kama mtu anayemsengenya jirani.

"Mwanangu hanibishii siku hizi."

"Ana kazi nyingi, mama."

"Tangu lini kazi ikamtia adabu? Mlenda wangu alikuwa akiuita gundi ya fundi viatu. Tangu ana miaka saba! Sasa kila siku mtamu, mtamu." Bibi alipapasa ukutani mpaka akafika kwenye msumari palipotundikwa koti la kaki. "Hili kalisahau hapa. Kiwiko kimetoboka. Nenda nalo ukalitie kiraka, akirudi kutoka hospitali asionekane kama hana mama. Mimi namtaka yule mkorofi wangu, Mwantumu. Huyu mwenye adabu simjui."

Mwantumu alilipokea koti. Lilikuwa bado lina harufu ya tumbaku na jasho. Akalikunja haraka, akaaga kabla machozi hayajavunja amri ya Chama cha wakataji.

*

Tusidanganyane, Kapaya hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mchafu, alipenda sifa, na akianza kuhutubia hakujua mahali pa kuishia. Lakini walimpenda, na walikuwa na sababu.

Babu wa babu yake aliletwa Kwemkole kutoka Unyamwezi kama manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka akafa, akazikwa pembeni ya shamba ambalo halikuwa lake. Mwanawe akafanya hivyohivyo, na mjukuu naye. Kisha dunia ikaja kugundua kwamba nyuzi za mkonge zinafaa kufumwa mabawa ya ndege zisizo na rubani. Bei ikapaa kuliko ndege zenyewe, na Kampuni yenye shamba ikajenga ukuta kuzunguka mto. Wakataji wakabaki kwenye kambi zilezile, wakinunua maji yaleyale waliyozaliwa wakiyaogelea.

Siku korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ilipomkata mkono Mzee Ngodu, meneja aliamuru damu ioshwe na kazi iendelee. Kapaya alikwenda akazima umeme wa kiwanda kizima, akakaa juu ya boksi la swichi, akawasha sigara. "Mashine imeshakula nyama leo," alisema. "Iacheni ishibe." Alikaa pale mpaka gari la wagonjwa likaja, na aliposhuka alikuta watu wamejaa hadi nje ya lango, wanamngoja awaambie la kufanya.

Aliwaambia la kufanya. Nani anakata mkonge? Sisi! Nani anakula mkonge? Wao! Wasomi wa mjini waliokuwa wakimwita mchochezi na muuza ndoto hawakuelewa kwamba watu hawakumfuata kwa maneno hayo peke yake. Walimfuata kwa sababu hakukosa msiba. Alitembea na jembe kwenye gari. Wakubwa wengine walifika maziko wakiwa na shada la maua na mpiga picha. Kapaya alivua viatu akaingia kaburini kuchimba, akatoka na malengelenge. Mtu aliyemchimbia baba yako kaburi huwezi kumnyima kura.

Na Mwantumu alikuwa mtani wake. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana kazi yake msibani. Mtu akifa, mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake, husema kwa sauti yake, huomba pombe kama yeye, hutukana kama yeye, mpaka waliofiwa wanacheka katikati ya kilio. Hakuna anayemkasirikia. Lakini kazi hiyo ina mpaka, na hata mtoto wa Kwemkole anaujua: mtu hai haigizwi. Kuvaa nguo za mtu na kusema kwa sauti yake ni kutangaza kwamba ameondoka.

Ndiyo maana Mwantumu alikataa mwanzoni alipoombwa kuufundisha mwangwi. Kampuni ilikuwa imefunga redio zote kwa Chama na vibali vya mikutano havikutoka, ndipo Eufrasia, Katibu wa Chama, akaja na wazo la mwangwi. Mashine ililishwa hotuba za Kapaya, na simu zake, na magomvi yake yote yaliyorekodiwa. Ikajua maneno yake, lakini haikumjua mwenyewe. Ilizungumza kama Kapaya aliyemeza karani. Ilihitaji mtu wa kuisahihisha, mtu aliyemjua hadi pumzi zake.

"Sikuigizi ukiwa hai," Mwantumu alimwambia. "Ni kukuitia kifo."

Kapaya alicheka mpaka akakohoa. "Wazigua kwa uchawi! Kifo kikija kwangu kitapanga foleni nyuma ya wadai. Kaa hapo, ifundishe."

Basi akakaa, akaifundisha. Siyo hivyo, anavuta pumzi kabla ya kutukana. Siyo hivyo, akidanganya huwa anataja jina la Mungu. Akaifundisha kusikiliza, maana hilo ndilo lililomfanya Kapaya kuwa Kapaya: alikusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akakurudishia maneno yako yakiwa na meno. Kazi ilipokwisha, Kapaya alianza kuzungumza katika nyumba elfu kwa wakati mmoja, na Chama kikakua kama moto wa kiangazi.

Kisha asubuhi moja ofisini, akiwa na kikombe cha chai mkononi na hasira mdomoni, moyo wake ukasimama. Katibu Eufrasia alifunga mlango, na nyumba elfu hazikukosa salamu za mchana.

*

Mwantumu alikuwa hajafika kwake, koti likiwa kwapani, aliposikia makelele upande wa visima. Alimkuta Sekiteke, mkataji wa kambi ya juu, ameshika panga, na Mama Shija amesimama mbele yake na mchi wa kinu. Watu walikuwa wameshawazunguka, wengine wakizuia, wengine wakichochea.

"Bonde la mto ni langu!" Mama Shija alipiga kelele. "Kapaya kaniahidi mwenyewe. Jumatatu baada ya ushindi nalima mpunga."

"Kakuahidi wewe? Kapaya kaniahidi mimi! Kanitajia hadi mti wa mpaka!"

"Muongo!"

"Muongo wewe na ukoo wako!"

Mwantumu aliingia katikati, akamtania Sekiteke kwamba panga lake halijui hata jani la mkonge, watu wakacheka, panga likashuka. Lakini yeye alijua wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kapaya wa mwili asingethubutu. Angewaita wote wawili wapumbavu, angewaambia bonde ni la ushirika, anayelitaka peke yake akazikwe humo. Wangenuna, kisha wangekubali.

Akageuza njia, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Katibu.

Eufrasia alikuwa mwanamke mwembamba asiyelala. Tangu siku ile ya kikombe cha chai alikuwa amekonda hata pete ilimtoka kidoleni. Alimsikiliza Mwantumu mpaka mwisho, kisha akafunga dirisha.

"Najua," alisema. "Kila mwangwi unasikiliza nyumba yake, unaipa jibu linalotuliza nyumba hiyo. Kapaya alipokuwa hai alikuwa anakaa nao kila asubuhi, anaukemea, anaurudisha kwenye mstari. Sasa hakuna wa kuukemea."

"Basi zima."

"Nikizima leo watauliza yuko wapi. Dada Mwantumu, sheria unaijua. Mgombea akifa kabla ya kura, uchaguzi wa jimbo unaahirishwa. Mkataba wa Kampuni unakwisha mwezi huu. Bila mbunge wetu kuupinga, unajihuisha wenyewe kwa miaka tisini na tisa. Wajukuu wa wajukuu zako watazaliwa manamba." Alipitisha kiganja usoni. "Kura ni Jumapili. Jumatatu tutamzika. Tutamzika kwa heshima zote, nakuapia."

"Mtamzika hivi hivi? Mtu mzima amelazwa kwenye chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa, juu ya makreti, kama mtindi. Mama yake ananituma nimtilie kiraka kwenye koti!"

"Unadhani mimi silali kwa nini?"

"Jumatatu mtasema bado. Kwanza aapishwe, kwanza hati ziandikwe. Na kila mkisema bado, ukuta utaendelea kugawa bonde moja kwa watu hamsini."

Katibu alikuwa amempenda Kapaya kwa miaka mingi bila kumwambia mtu, na Mwantumu alilijua hilo, na hasira yake ikapungua nguvu. Angekuwa anapambana na mtu mbaya ingekuwa rahisi.

*

Alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Akakaa chini ya mwangwi wake na sindano, akaanza kutia kiraka.

"Mtani," ukuta uliita. "Uko kimya."

Mwantumu alivuta uzi.

"Mtani, nani kakuudhi? Nitajie nimtukane."

"Umemwahidi nani bonde la mto?" aliuliza.

"Sekiteke ana watoto wanaolala njaa. Mama Shija naye vilevile. Nimewasikiliza." Sauti ilitulia, ikavuta pumzi, pumzi ileile aliyoifundisha. "Si ndivyo ulivyonionyesha? Wakinyamaza kulia, ujue umesema vizuri."

"Yeye hakuwa akisema ili wanyamaze! Alikuwa akisema ili waamke!"

"Basi niambie nisemeje."

Mwantumu aliweka sindano chini. Alikuwa ameapa kutoliuliza swali lile, na sasa akalisikia likimtoka.

"Kapaya. Uko wapi?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Sijui, mtani," sauti ilisema taratibu. "Nina baridi."

Akaruka, kigoda kikapinduka. Akasimama mlangoni. Akili ilimwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelisema neno lile chumbani humu, siku zote zile alipokuwa akijifunika mto usoni na kunung'unika kwamba wamemwacha kwenye baridi, na mwangwi husikia kila kitu na kurudisha unachokitaka. Akili ilisema hivyo. Moyo ulikataa katakata. Mwantumu alikuwa amewaigiza wafu wa kambi ile tangu ujana wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu.

Akarudi ndani kwa kujilazimisha, akaokota koti, akakimaliza kiraka.

*

Jumamosi asubuhi uwanja wa mpira ulijaa. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba Ndugu Kapaya amelazwa mjini, anaendelea vizuri, na atawahutubia kutoka kitandani. Jukwaani waliweka kiti chake kitupu na bendera juu yake. Bi Kalunde aliketishwa mbele kabisa, amevaa kanga mpya.

Vipaza sauti vikakohoa.

"Nani anakata mkonge?"

"Sisi!"

"Nani anakula mkonge?"

"Wao!"

Uwanja ulitetemeka. Wanaume wazima walikuwa wanafuta machozi. Mwantumu aliyaona yote kutoka nyuma ya jiko la akina mama, na kwa muda mguu wake ulikataa kwenda. Hawa walikuwa watu wake. Ardhi ilikuwa karibu hivi, siku moja tu. Akitoka hapa, kesho hakuna kura. Na huenda akasomewa laana na vizazi ambavyo havijazaliwa. Alilijua hilo waziwazi, hakujidanganya. Lakini alijua pia kwamba ardhi itakayopatikana kwa mkono wa maiti itagawanywa na maiti, na kwamba kuna mama mmoja pale mbele anayebembelezwa na ukuta.

Akavaa koti. Akachukua fimbo. Akatoka.

Alitembea mwendo wa Kapaya, mguu wa kushoto ukiburuzika kidogo tangu alipoangukiwa na toroli la mkonge. Alivuta sikio kama Kapaya kabla ya ugomvi. Watoto ndio walioanza kucheka, kisha akina mama wa jikoni: "Mwoneni Mzigua huyu!" Kicheko kikasambaa, hata sauti ya vipaza ikamezwa. Mwantumu alichechemea hadi mbele ya Bi Kalunde, akaegemea fimbo.

"Mama," alisema, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya tumbaku, yenye kiburi. "Hiki ulichonipikia ni mlenda au gundi ya fundi viatu?"

Uso wa bibi ukafunguka wote.

"Mshenzi wewe!" alifoka kwa furaha. "Na mbona ulimaliza bakuli?"

"Nilimaliza kwa sababu mdomo uliganda. Ningetemea wapi?"

Bi Kalunde alicheka mpaka akashika mbavu, na uwanja ukacheka naye. "Huyo! Huyo ndiye mwanangu! Njoo hapa, mkorofi." Akanyoosha mikono, akalikamata koti. Vidole vikapanda mkono, vikafika kwenye kiwiko, vikakuta kiraka. Vikashuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Vikakuta bangili.

Kicheko cha bibi kilikatika. Kile cha watu kikakatika kidogo kidogo nyuma yake, safu kwa safu, maana sasa na wao walikuwa wameanza kuona wanachokitazama.

"Mwantumu," Bi Kalunde alisema.

"Abee, mama."

"Umevaa koti la mwanangu."

"Nimelivaa, mama."

"Unasema kwa sauti yake."

"Ndiyo, mama."

Mzee Ngodu, mwenye mkono mmoja, alivua kofia. Kikongwe mmoja wa kambi ya juu akaweka mikono kichwani. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu hakuna pale asiyeijua. Sekiteke na Mama Shija walikuwa wamesimama bega kwa bega bila kujua.

"Yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Kiwanda cha maziwa. Chumba cha baridi."

"Ana baridi?"

"Ana baridi, mama."

Bi Kalunde alisimama, akafungua kinywa, na kilio kilichotoka kiliuchukua uwanja mzima. Ndipo Mwantumu naye alipolia. Alilia kwa sauti, akigaagaa mavumbini na koti la watu, akamlilia mtani wake na akajililia mwenyewe kwa kumwigiza angali hai. Katibu Eufrasia alishuka jukwaani, akapiga magoti kando yake. Mwantumu alidhani atapigwa.

"Umeirudishia Kampuni shamba," Katibu alimwambia sikioni.

"Najua."

"Hutasamehewa."

"Najua, dada."

Katibu alimtazama, kisha uso ukamvunjika, akaangusha kichwa begani kwake, akalia kilio alichokuwa amekizuia wiki mbili. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na wao walikuwa wameficha zaidi ya maradhi.

Watu waliondoka uwanjani wote pamoja, wakielekea kiwandani kumchukua. Bi Kalunde alikuwa mbele, ameshikwa mkono na Mwantumu aliyekuwa bado na koti. Hakuna aliyejua Jumatatu itakuwaje. Njia ilipita katikati ya kambi, kati ya milango iliyoachwa wazi asubuhi. Na kadiri kilio kilivyokaribia, miangwi ikakisikia, nyumba moja baada ya nyingine, ikaanza kuita kutoka juu ya mitungi, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosa msiba hata mmoja.

"Nasikia kilio. Ndugu zangu, nani amekufa?"

Waliinamisha vichwa, wakapita.

"Niambieni ni nani. Msianze kuchimba bila mimi. Nisubirini, nakuja na jembe."